Mkono Unatetemeka, Baiskeli Inakwenda

Harufu ndiyo iliyotangulia kuondoka. Miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka, binti yangu aliingia jikoni akakuta maziwa yamefurika na kuungulia kwenye jiko, nami nimekaa hatua mbili kutoka hapo nachambua mchele. "Mama, husikii harufu?" Sikuisikia. Nikadhani ni mafua. Baadaye iliki, karafuu, hata dagaa walioanikwa uani kwa jirani, vyote vikawa havina harufu kwangu. Pale nyumbani hapakuwa na mtu aliyejua kwamba pua inaweza kuwa ya kwanza kuleta habari za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili.

Kisha ikaja zamu ya ubao. Nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule ya msingi hapa Tanga, na mwandiko wangu ulikuwa fahari yangu. Sasa naanza sentensi kwa herufi kubwa zinazosomeka hadi dawati la mwisho, nikifika katikati zimepungua, nikifika ukingoni zimekuwa ndogo mno, tena mstari wenyewe unapanda juu. "Mwalimu, hatuoni." Nafuta, naanza upya, najilazimisha. Maneno matatu ya mwanzo yanatii, yanayofuata yananywea vilevile. Wakati naandika mkono hautetemeki kabisa. Unatetemeka nikiushusha, nikikaa, nikiuweka mapajani: kidole gumba kinasugua kidole cha shahada kama cha mtu anayevuta tasbihi isiyokuwepo.

Kabla ya kupata jina la ugonjwa nilipitishwa kwenye majina mengine. Pahala pamoja niliambiwa ni presha, pengine mishipa ya shingo, pengine kiharusi kidogo kilichopita usiku bila mwenyewe kujua. Wifi yangu yeye alikuwa na hakika kwamba ni mkono wa mtu. Nikaandikiwa kombe, nikanywa. Nikasomewa, nikaitikia amina. Walionisomea walifanya kwa mapenzi, na dua sijaiacha mpaka leo. Lakini mkono uliendelea.

Kilichoniuma kuliko mkono ni uso. Ugonjwa huu huifanya misuli ya uso kuwa mizito, kope hazipepesi kama zamani, tabasamu linachelewa kufika au halifiki kabisa. Mtoto mmoja wa darasa langu alinifuata ofisini baada ya kengele, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, tumekukosea nini?"

Siku ile nilikuwa nimefurahi. Darasa lilikuwa limefanya vizuri jaribio la hesabu na moyoni nilikuwa nawasifu wote. Usoni hawakuona chochote. Nilimwambia hawajanikosea kitu, akaondoka, na nilipobaki peke yangu nililia.

Mume wangu ndiye aliyesema twende Dar es Salaam. Daktari bingwa wa mfumo wa fahamu alinipokea, na kwa muda mrefu hakuandika kitu. Aliniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, kwanza mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Wa kulia ulianza vizuri, mwendo ukapungua, ukasita. Nikafumba na kufumbua ngumi. Nikatembea kwenye korido hadi mwisho na kurudi, yeye akiutazama mkono wa kulia ambao haukuwa ukibembea kama mwenzake. Akanipa karatasi niandike sentensi yoyote. Niliandika jina la shule na la mji wangu, na herufi ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko zote. Halafu akauliza mambo ambayo nilidhani hayahusiani hata kidogo: Unasikia harufu? Choo unapata kila siku? Usingizini unapiga kelele? Mume wangu akadakia, "Daktari, kelele na mateke!" Pale pale nikaelewa kwamba mambo yote yaliyonisumbua moja moja kwa miaka yalikuwa ya ugonjwa mmoja.

Aliyeueleza ugonjwa huu kwa mapana ni James Parkinson, daktari wa London, katika kijitabu alichokitoa mwaka 1817. Aliwaeleza wagonjwa 6 tu. Baadhi yao hakuwahi kuwatibu. Aliwaona barabarani wakipita na miili yao iliyoinama na hatua zao fupi za harakaharaka, akasimama kuwatazama kwa makini wakati wengine wanapita zao. Nimempenda kwa hilo.

Ndani kabisa ya ubongo kuna eneo dogo lenye weusi, na seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuinuka, kugeuka, kuzungusha kijiko kwenye kikombe, bila kuwaza namna ya kufanya. Kwa mwenye Parkinson seli hizo zinakufa taratibu. Inakadiriwa kwamba mpaka mkono uanze kutetemeka, nusu yake au zaidi zimeshakwenda. Dawa ya kuzirudisha haijapatikana. Ugonjwa haurudi nyuma. Ukipunguza kasi umshukuru Mungu.

Watu wengi wananiambia nipige moyo konde. Wanasema kwa wema na ninawapokea. Lakini nataka kusema kweli yangu: moyo wangu haukupata nguvu kwa kuambiwa uwe na nguvu. Ulianza kupata nguvu nilipojua kwa nini saa nne asubuhi naweza kufunga vifungo vya gauni na saa sita siwezi, kwa nini miguu inagoma mlangoni na haigomi uwanjani, kwa nini nalia bila msiba. Hofu yangu kubwa ilikuwa ya kitu nisichokijua. Ukishakijua, unabaki na ugonjwa wenyewe, nao unatosha kazi.

Dawa yangu kuu ni levodopa iliyochanganywa na karbidopa. Levodopa inageuka kuwa dopamini ikifika kwenye ubongo, na karbidopa inaizuia isigeuke kabla ya kufika. Levodopa imekuwa ikitumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo hakuna iliyoizidi kwa kuwarudishia watu mwendo. Nikimeza, baada ya muda bega linalegea, hatua inarefuka, sauti inatoka. Baada ya saa kadhaa nguvu yake inaisha na mwili unarudi kukaza. Kwa hiyo maisha yangu yote nimeyapanga juu ya saa hizo. Kusuka ukili, kukata mboga, kwenda sokoni, kuoga, vyote vina wakati wake. Mgeni akipiga hodi wakati dawa imeisha, binti yangu humwambia, "Karibu ukae, mama anasubiri dawa ishike." Wanakaa. Sijaona mtu aliyeondoka.

Jambo moja ambalo kila mgonjwa mwenzangu anapaswa kuambiwa siku ya kwanza ni chakula. Protini na levodopa hugombea njia moja ya kuingia mwilini. Ukimeza kidonge pamoja na ugali na maharage, ambacho ndicho chakula cha mchana cha walimu karibu nchi nzima, dawa inaweza kuchelewa kufanya kazi au isionekane kabisa, na mtu akadhani ugonjwa umezidi au kidonge ni bandia. Mimi nameza kwa maji, nangoja nusu saa hivi, ndipo nakula. Mchana nakula muhogo, viazi, mboga, papai. Maharage na samaki nimewahamishia usiku. Papai na maji mengi ni kwa ajili ya choo, maana tumbo nalo linakuwa zito, na tumbo lililoziba linachelewesha hata dawa. Haya si mambo ya kuonea haya. Nimeyasema mbele ya kina mama kwenye shughuli, na walioyahitaji walinifuata jikoni baadaye.

Ramadhani ya kwanza baada ya kuanza dawa ilikuwa mtihani. Nimefunga tangu nikiwa mtoto mdogo. Dozi zangu ni za kila baada ya saa nne, na kutoka daku mpaka futari hapa kwetu ni zaidi ya saa kumi na tatu. Daktari alishaniambia wazi kwamba levodopa haikatizwi ghafla, kwa sababu mwili unaweza kukakamaa vibaya na homa kupanda, ikawa hatari ya kufa. Nikaenda kwa shehe wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, madaktari wanasema maradhi haya yanatarajiwa kupona?"

"La, shehe."

"Basi Mwenyezi Mungu ameshakuondolea uzito huo. Kila siku toa kibaba cha chakula umpe maskini. Na dawa yako inywe."

Akanisomea aya ya 184 ya Suratul Baqara, ambayo nimeisoma maisha yangu yote nikiamini inawahusu watu wengine. Sasa mwezi ukiandama tunapima mchele nyumbani kibaba kwa kibaba, na wajukuu wanaupeleka. Futari napika mimi, taratibu, nikiwa nimekaa. Adhana ya magharibi ikitolewa nakula tende pamoja na wenzangu mkekani. Sala naisali kwenye kiti na sijawahi kuona kama imepungua.

Nije kwenye baiskeli, maana ndiyo inayowashangaza watu.

Anayeijua Tanga anajua kwamba huu ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, barabara zimenyooka, na mwanamke aliyevaa baibui na mtoto kwenye keria ni kitu cha kila siku. Nimeenda kazini kwa baiskeli miaka yangu yote ya ualimu. Mwendo ulipoharibika, mume wangu aliipeleka stoo, akaifunika gunia. Sikumlaumu, aliogopa nitaanguka, na mimi niliogopa vilevile.

Asubuhi moja nilitoka kwenda kununua vitumbua. Nilipofika kwenye lango la uani miguu ikagoma. Mtu asiyewahi kupatwa na hili hawezi kulielewa kwa urahisi. Akili inasema twende, kiwiliwili kinainama mbele, lakini nyayo zimeganda chini kama si zako. Ukisukumwa unaanguka. Siku hiyo kijana wa jirani alikuwa ameiegesha baiskeli yake pale langoni, ya kike, isiyo na bomba la juu. Nikashika usukani ili nisianguke. Sijui nilipata wapi wazo. Nilipitisha mguu, nikakaa, nikakanyaga pedali ya kushoto, na baiskeli ikaenda. Ikaenda moja kwa moja, bila kuyumba, mpaka mwisho wa mtaa. Nikageuza kwa upana, nikarudi. Mume wangu alikuwa anakimbia nyuma yangu na kikoi chake ameshikilia mkononi. Alipofika hakuwa na pumzi ya kusema. Aliposema, alisema, "Mama, hebu rudia."

Baadaye binti yangu alinisomea kwenye simu kwamba mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walichapisha habari za mgonjwa wao wa Parkinson aliyekuwa akishindwa kutembea hata hatua chache bila kuganda, lakini akipewa baiskeli anaiendesha vizuri kabisa, anageuka, anasimama. Huenda ni kwa sababu pedali zinaupa mguu mpigo wa kufuata, na mguu mmoja ukisukuma unauamsha mwenzake. Ubongo unapita njia nyingine ambayo ugonjwa haujaiziba. Nilipolisikia hilo nilishukuru sana. Wapo waliokuwa wakinong'ona mtaani kwamba huyu mwalimu anajisingizia, mbona baiskeli anaendesha. Sasa nina la kuwajibu, na ni jibu la kitabibu.

Ninaendesha baada ya sala ya alfajiri, dozi ya kwanza ikiwa imeshashika na magari bado machache. Natoka Ngamiani, nafuata barabara ya Raskazone, bahari ikiwa kushoto kwangu. Kiti tumekishusha ili miguu yote miwili iguse chini. Hatari ipo kwenye kupanda na kushuka. Kwa hiyo nashuka mahali penye ukingo wa kukanyagia, na kijana wetu hufuata nyuma kwa baiskeli yake. Sishauri kila mwenye Parkinson aparamie baiskeli. Wengine mizani ya mwili imeshapotea, na kwao ni kuvunjika nyonga. Kwa hao ipo baiskeli ya mazoezi isiyotembea, au kukanyaga cherehani ya miguu, au kutembea kwa kasi wakiwa wameshikwa mkono. Mazoezi yenyewe hayana mbadala, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini aliniambia yafanywe mpaka jasho litoke.

Mlangoni tumeweka dawa nyingine. Nilichukua chaki na kuchora mistari kwenye sakafu ya saruji, kila mmoja umbali wa hatua moja, kuanzia sebuleni hadi uani. Jicho likiuona mstari, mguu unajua unakwenda wapi. Mwendo ambao hauanzi wenyewe unaanza ukipewa kitu cha kuvuka. Chaki ilikuwa ikifutika kila tukideki, basi mume wangu akanunua kopo la rangi nyeupe. Wajukuu wakaugeuza kuwa mchezo: "Bibi, ruka mstari!" Nikiwa pasipo na mistari, kwenye benki au zahanati, nahesabu kimoyomoyo au naimba kaswida polepole na kuzifuata dufu ambazo nazisikia mimi peke yangu. Nikigeuka sizunguki papo hapo kwa kisigino; nazunguka kwa upana.

Sauti nayo inafifia, na hili mwenyewe hulisikii. Unajiona unaongea kawaida, kumbe watu wanasogeza sikio. Kila jioni mume wangu anakaa upande wa pili wa uani, nami namsomea gazeti. Neno lisipomfikia ananyanyua mkono, narudia kwa nguvu zaidi. Kwa mtu aliyefundisha darasa la watoto zaidi ya sabini kwa sauti yake tupu, zoezi hili nalipenda kuliko yote.

Mume wangu ni mpenzi wa ndondi, na yeye ndiye aliyenikumbusha habari za Muhammad Ali. Bondia aliyempiga Foreman pale Kinshasa mwaka 1974, aliyekuja Dar es Salaam Februari 1980 akiwa mjumbe wa Rais Carter, aliambiwa ana Parkinson mwaka 1984, akiwa na miaka 42. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta. Nimeitazama picha ile mara nyingi kwenye simu. Mkono wa kulia umeshika mwenge, wa kushoto unatetemeka mbele ya dunia nzima, na uso wake ni ule ule ambao mwanafunzi wangu aliudhani ni wa hasira. Aliishi mpaka 2016. Mume wangu hupenda kusema kwamba pambano lake na ugonjwa lilikuwa refu kuliko yote. Mimi nalitazama tofauti. Sioni pambano, naona mtu aliyetoka nje na mwili wake ulivyo, akafanya alichoitwa kukifanya.

Asije mtu akasoma haya akadhani siku zangu zote ni za baiskeli na bahari. Usiku ni mgumu. Kujigeuza kitandani kunachukua muda na wakati mwingine nashindwa, mpaka mume wangu avute shuka niviringike. Nimegundua kwamba gauni la kulalia la kitambaa kinachoteleza linasaidia kuliko la pamba. Nikiinuka ghafla presha inashuka na naona giza, kwa hiyo nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Ubao nimeuacha; nilistaafu kabla ya wakati, na siku niliyokabidhi daftari la mahudhurio ilikuwa nzito. Huko mbele huenda ikawa vigumu kumeza, huenda kumbukumbu ikapungua. Tumeshazungumza mimi na watoto wangu, mchana kweupe, nani atafanya nini. Tulipomaliza tulikula.

Na kuna huzuni. Siisemi huzuni ya kufikiria ugonjwa, ambayo kila mtu angekuwa nayo. Nasema ile inayokuja asubuhi bila sababu, inayofanya hata chai isiwe na maana. Daktari alinieleza kwamba nayo ni sehemu ya ugonjwa, inatokana na mabadiliko yale yale ya kemikali kwenye ubongo, na inatibika. Nilifarijika kuliko nilivyofarijika kwa maneno yoyote ya kutiwa moyo. Imani yangu haijapungua. Mwalimu sijawa mvivu. Ni ubongo unaumwa, na una dawa.

Nina mambo mawili ya hatari ambayo siachi kuyataja kila nikipata nafasi. Nikienda zahanati kwa sababu yoyote ile, hata kwa malaria, naanza kwa kusema nina Parkinson, kwa kuwa dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi inazuia dopamini na inaweza kumkakamaza mtu kama mimi. Na zipo dawa za zamani za kutuliza mtetemo, mfano triheksifenidili, ambazo kwa wazee zinaweza kuleta kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Nimeona familia ikisema babu ameingiwa na shetani kumbe ni kidonge. Mwambieni daktari kabla hamjamwita mganga.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Hapa kwetu watafiti walizunguka vijiji vya wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, wilaya yenye watu zaidi ya 160,000, wakawatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini, wala kupewa dawa. Walikuwa wazee wanaotetemeka kwenye vigoda vyao, na ukoo mzima ukiamini ni uzee au wamelogwa. Hilo linaniumiza. Dawa ipo, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mzee anakufa amelala kitandani kwa kukosa mtu wa kumtazama vidole.

Mzee mmoja mvuvi wa upande wa Pangani nililetewa habari zake na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye ni mwanawe. Alikuwa halishwi ila kwa kijiko na alikuwa hajasimama peke yake muda mrefu. Mwanawe alikuwa amesikia kwamba mbegu za upupu zinatibu, akawa ameshakusanya mfuko. Upupu naujua vizuri; mwalimu gani hajawahi kupakiwa kwenye kiti? Nikamwambia, "Mwanangu, uliyoambiwa yana ukweli ndani yake. Mbegu za upupu zina levodopa, na Wahindi wamezitumia katika tiba zao za jadi karne nyingi. Lakini kwenye mbegu hujui kiasi. Leo ndogo, kesho nyingi, na mzee atatapika au presha itamwangusha. Mpeleke kwanza hospitali ya mkoa, umweleze daktari hata habari za huo mfuko."

Walikwenda. Daktari alimwanzishia dozi ndogo na kuipandisha kidogo kidogo. Baada ya wiki kadhaa mwanafunzi wangu alinipigia, sauti imempanda: mzee amejifunga kikoi mwenyewe, na amekula wali kwa mkono wake. Nikasikia kwa nyuma mzee akidai apewe simu. "Shikamoo baba," nikasema. "Marahaba mwanangu. Huo mtumbwi wangu wameuuza?" Walikuwa hawajauuza.

Kisha mwanawe akauliza swali ambalo kila mwenye ugonjwa huu analijua: vidonge vikiisha, vingine vitapatikana wapi? Vinaadimika madukani, na bei yake kwa mvuvi ni kubwa. Kwa hiyo kwenye kikundi chetu cha vikoba tumefungua mfuko wa pembeni. Kila Ijumaa baada ya hesabu, kila mwanamke anaweka alichojaaliwa, na yeyote anayesafiri kwenda Dar es Salaam anakabidhiwa cheti na fedha. Wagonjwa tunaowahudumia ni wachache bado, na mmoja wao ameomba nimfundishe kuchora mistari mlangoni kwake. Nitakwenda wiki ijayo, kwa baiskeli nikiweza, kwa bajaji nisipoweza.